Mng'ao wa kaunta hauko kwenye chupa

Kaunta ya jikoni iliyopakwa nta hung'aa kwa muda tu. Sufuria za moto, sabuni na dodoki huiondoa nta kidogo kidogo, na jiwe hurudia ufifi wake wa zamani. Hapo mwenye nyumba hununua chupa nyingine.

Mng'ao unaodumu hutoka kwenye jiwe lenyewe. Uso wenye mikwaruzo hutawanya mwanga ovyo, ndiyo maana huonekana una ukungu. Uso laini huurudisha mwanga kwa mpangilio, na taa ya dari hujiona humo kama kwenye kioo. Kwa hiyo kusugua kaunta ni kazi ya kufuta mikwaruzo mikubwa kwa kuweka midogo, kisha kuifuta hiyo midogo kwa mingine isiyoonekana kwa macho.

Mafundi wa mawe hutumia diski za almasi zenye namba. Safari ya kawaida huanza 50, kisha 100, 200, 400, 800, 1500 hadi 3000. Namba inapopanda, chembe za almasi huwa ndogo zaidi. Mpaka 400 jiwe bado limepooza, na mwenye nyumba asiyejua huanza kumtilia shaka fundi. Mng'ao huanza kujitokeza karibu na 800. Kishawishi kikubwa ni kuruka hatua, kutoka 100 hadi 800 ili kuokoa muda. Diski laini haina nguvu ya kufuta mikwaruzo ya diski kali. Inaing'arisha tu ikabaki palepale, na mtu akiinama dirishani asubuhi anaiona yote.

Kosa jingine ni kukagua jiwe likiwa bichi. Maji hujaza mikwaruzo na kuifanya kaunta iliyofikia 200 tu ionekane imekamilika. Fundi makini huifuta, huiacha ikauke, kisha humulika tochi kwa ubavu kabla ya kubadili diski. Pia huosha tope lote: chembe moja ya diski ya 50 ikibaki, itachora mstari kwenye kazi ya 1500.

Si kila jiwe hutendewa sawa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, graniti huwa kati ya 6 na 7, na marumaru asilia ni kama 3 tu. Marumaru hukubali kung'aa upesi, lakini tone la ndimu au siki huila na kuacha doa lililofifia ambalo kitambaa hakiwezi kulitoa. Kwa jiko linalokamuliwa ndimu kila siku, graniti ni chaguo la busara. Terazo, ambayo ni vipande vya mawe ndani ya saruji, ina adha yake: msasa wa kwanza hufunua vishimo. Vishimo hivyo huzibwa kwa uji wa saruji ya rangi ileile, huachwa vikauke na kukomaa, ndipo kusugua kuendelee.

Mashine nayo ina neno. Grenda ndogo ya kukatia huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Kasi hiyo huunguza diski za kung'arishia na kuacha alama juu ya jiwe, kwa hiyo hutakiwa mashine ya mwendo wa chini inayotiririsha maji. Na kwa kuwa maji na umeme havipatani, ichomekwe kwenye soketi yenye swichi inayokata umeme mara tu unapovuja.

Maji hayo hayapozi diski tu. Graniti ina madini ya kwatsi, na vumbi lake laini likivutwa kwa miaka huweka makovu yasiyopona kwenye mapafu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la namna hiyo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Hatari ni kubwa zaidi kwa mawe ya kutengenezwa kiwandani, ambayo baadhi yake huwa na kwatsi zaidi ya asilimia 90. Baada ya wakataji wengi wa kaunta kuugua, Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024.

Basi unapopatana bei, usiulize siku ngapi tu. Uliza fundi ana diski za namba zipi, na kama anasugua kwa maji. Akitaka kusugua kikavu ndani ya jiko lako, mtafute mwingine.