Mozart na baba yake: Barua zilizobeba opera na ndoa iliyopingwa

Wengi wanamjua Wolfgang Amadeus Mozart. Wachache wanajua kwamba baba yake, Leopold, naye alikuwa mtunzi wa muziki. Ndiyo maana barua zao hazikuwa za salamu tu. Kazi na mambo ya nyumbani yalikwenda pamoja.

Baba kama mjumbe

Novemba 1780, Mozart akiwa na miaka 24, alikwenda Munich kuandaa opera yake Idomeneo. Aliyeandika maneno ya kuimbwa, padri Varesco, alibaki Salzburg alikoishi Leopold. Basi marekebisho yakawa yanapitia kwa mzee. Mozart alilalamika kuwa sauti ya mungu katika hadithi hiyo inaongea mno. Ikizidi kuongea, watazamaji watajua ni maigizo tu.

Hasira yenye kipimo

Mwaka 1781 Mozart aliacha kazi kwa Askofu Mkuu wa Salzburg, akabaki Vienna. Baba hakupenda, lakini barua ziliendelea.

Septemba 26 alimweleza anavyomtungia Osmin, mlinzi mkali katika opera mpya, Die Entführung aus dem Serail. Mtu mwenye hasira hupoteza kipimo, alisema, ila muziki hata hapo usiumize sikio.

Kisha likaja la mapenzi

Desemba 15 akamwaga siri: anampenda Constanze Weber na anataka kumuoa. Mzee akakataa. Kumbe hata shujaa wa kike wa opera hiyo anaitwa Konstanze! Lakini ni sadfa tu, jina hilo lilikuwamo kwenye hadithi tangu awali.

Opera ilioneshwa Vienna Julai 16, 1782, ikapokelewa vizuri. Mozart akampelekea baba habari njema, akitarajia pongezi. Jibu lilikuja baridi, na Julai 31 kijana akaandika waziwazi kwamba limemuumiza.

Siku nne baadaye, Agosti 4, alifunga ndoa. Ridhaa ya baba ilifika kesho yake.

Upande mmoja tu

Barua za Mozart za kipindi hicho zipo hadi leo. Zile ambazo Leopold alimwandikia Vienna zimepotea. Kwa hiyo tunajua mtoto aliumia, lakini ile barua baridi yenyewe hakuna anayeweza kuisoma.