Maneno ya Polisi Yanaweza Kupimwa

Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inaitaka Polisi ya Taifa ya Kongo iwe huduma ya kiraia, yenye kuwasikiliza wananchi. Kamanda atajuaje kama askari wake wanafanya hivyo? Isimu ina jibu moja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo mwanaisimu Dan Jurafsky, walichambua rekodi za kamera ambazo polisi wa Oakland, Marekani, huvaa mwilini. Magari yalikuwa yamesimamishwa mara 981. Walihesabu shukrani, maneno ya kuomba radhi na majina ya heshima. Madereva weusi walisemeshwa kwa heshima ndogo kuliko weupe.

Kwetu Munigi, swali la kwanza ni lugha yenyewe. Tangu Force Publique ya wakoloni, Kilingala kimekuwa lugha ya sare, na raia hapa anasema Kiswahili. Halafu "Leta karte!" si sawa na "Jambo mama, tunaomba karte." Kuwaambia askari "heshimuni raia" hakuwaonyeshi neno gani wabadilishe. Kamanda anayesikiliza, anayehesabu salamu na amri, ana cha kufundisha.