Mama mwenye mimba anakula udongo: tuogope ao tusiogope?

Katika mwezi huu mabwana wawili wamenikamata inje ya dispanseri, kila mumoja kwa siku yake, na kila mumoja akaniuliza kwa sauti ya chini jambo lile lile. Bibi yake ana mimba, na anakula udongo. Wa kwanza alikuta vipande vya pemba ndani ya mukoba wa soko, chini ya tomati. Wa pili alimuona bibi akikwangua ukuta wa kichuguu nyuma ya nyumba na kutia kinywani. Wote wawili waliwaza ni ulozi. Nawajibu hapa, kwa sababu najua hawako wao wawili tu.

Si ulozi, na si wazimu. Watu wanakula udongo katika inchi nyingi za Afrika na hata mbali na Afrika, na zaidi sana wamama wenye mimba na watoto wadogo. Nyama nao wanakula. Kule Kenya, juu ya mulima Elgon, kuna pango liitwalo Kitum ambamo tembo wanaingia usiku katika giza na kuchimba mawe yenye chumvi kwa pembe zao. Kasuku wa pori zetu wanashuka mahali pa wazi kutafuta udongo. Hata kinyonga: kuna watu wa mbali wanaomufuga ndani ya sanduku la kioo, na wakimuona analamba udongo, wanawaza kwamba amekosa chokaa katika chakula chake, wanamwongezea. (Najua wengi wenu hamutaki kinyonga hata mbele ya mulango. Tuendelee.)

Sasa, mutu anatafuta nini ndani ya udongo? Wamama wenyewe wananieleza vizuri kuliko vitabu. Mumoja anasema mate yanajaa kinywani na pemba inayakausha. Mwingine anasema inatuliza kichefuchefu. Mwingine ni harufu tu, ile ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, inayomupa hamu mpaka halali usingizi. Maneno yao si ya bure. Udongo mweupe uliosafishwa, unaoitwa kaolini, ulitumiwa muda mrefu katika dawa za kuharisha, kwa sababu unashika mambo mabaya ndani ya tumbo.

Lakini udongo hauchagui. Unashika kibaya, unashika pia kizuri. Ndani ya tumbo unaweza kushika chuma kinachotoka katika chakula, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Mwenye mimba anahitaji damu kwa watu wawili. Hapa ndipo jambo linapogeuka kama gurudumu: mutu aliyepungukiwa damu anapata hamu ya udongo, na udongo unamupunguzia damu zaidi. Kwa hiyo tukisikia mama anakula udongo, kazi yetu ya kwanza si kumunyanganya pemba. Kazi ya kwanza ni kupima damu.

Jambo hili nililijifunza vibaya. Nilipokuwa nimetoka tu katika masomo, mama mumoja alikuja kwa kipimo cha mimba na midomo yake ilikuwa na weupe wa pemba. Nikamukaripia mbele ya wamama wengine waliokaa kwenye benchi. Walicheka, na mimi nilijiona nimefundisha. Yule mama hakurudi. Nilimuona tena katika mwezi wa nane, bwana yake akimusukuma juu ya kinga, anapumua kama mutu aliyepanda ngazi ndefu. Ndani ya kope za macho palikuwa peupe kama karatasi. Mwenye mimba anapaswa kuwa na gramu 11 za hemoglobini katika desilita moja ya damu, ao zaidi. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Yeye alikuwa na 5. Ndugu ya bwana alitoa damu usiku ule. Mutoto alizaliwa mudogo sana, lakini aliishi, na mama vilevile. Kama ningemuuliza kwa upole siku ile ya kwanza, tungelikuwa na miezi mine ya kumutunza.

Mambo mengine ya udongo ni ya kawaida, nitayapitia haraka. Ukila mwingi, tumbo linafunga, na mara chache matumbo yanazibwa kabisa mpaka inatakiwa kupasua. Muchanga unakula meno. Tena kuna minyoo, zile nyoka za tumbo. Mayai yake yanatoka katika choo cha mutu, yanakomaa ndani ya udongo kwa muda wa juma mbili ao tatu, na yanaweza kukaa humo miaka yakingojea kinywa. Kuanika udongo kwenye jua hakutoshi. Kuuchoma sana kwa moto kunaua mayai, ndiyo, na wauzaji wengine wanafanya hivyo.

Lakini moto hauondoi madini. Hapa nawaomba musome polepole, kwa sababu hili ni jambo letu sisi watu wa Katanga.

Mara nyingi naambiwa: «Nyanya yangu alikula udongo wa kichuguu katika mimba zote, na alizaa watoto kumi wenye nguvu.» Naamini. Lakini udongo wa mukini kwa nyanya si udongo wa hapa. Sisi wote tunajua kwa nini muji huu ulijengwa mahali hapa. Muchwa wanapojenga kichuguu wanapandisha udongo kutoka chini, na ndiyo sababu watafutaji wa madini wanapima vichuguu wakitaka kujua kuna nini chini yake. Kama chini kuna shaba na kobalti, kichuguu kitakuwa navyo. Kisha kuna moshi na vumbi. Kiwanda cha kuyeyusha madini cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na upepo wa hapo unavuma zaidi kwenda kaskazini-magharibi. Ukienda upande ule utaona mahali ambapo miti ilikufa, na wanachuo wamepima udongo wake wakakuta shaba, zinki, arseniki na risasi.

Risasi ninayosema ni ile madini nzito inayotiwa ndani ya betri za gari. Hiyo ndiyo inaniogopesha kuliko zote. Haina harufu, na katika udongo haionekani. Inapita kutoka damu ya mama kwenda kwa mutoto aliye tumboni. Kwa mutoto mudogo inaharibu ubongo unaokua: anachelewa kusema, anashindwa masomo, na ikiwa nyingi anapata degedege. Wanganga hawajui kiasi chake ambacho hakina ubaya. Jirani zetu wa Kabwe, kule Zambia, walichimba risasi mpaka mwaka 1994. Mugodi umefungwa, lakini watoto wanaocheza katika udongo wa pale wanaendelea kuwa nayo katika damu. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kule Nigeria, watu walisaga mawe ya zahabu yenye risasi ndani ya viwanja vya nyumba zao, na watoto mamia walikufa. Hapa kwetu, wanganga wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mukojo wa watu wanaokaa karibu na migodi, wakatoa habari mwaka 2009. Na tena wakapima Kasulo, kule Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Kobalti ilikuwa nyingi, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa.

Kwa nini watoto? Kwa sababu wanatambaa, na mukono unaingia kinywani. Na hapa nakugeukia wewe bwana uliyekuja kuniuliza juu ya bibi. Mutoto wako hahitaji kichuguu. Vumbi la mugodi linaingia nyumbani juu ya viatu vyako na nguo zako za kazi. Vua viatu inje. Oga mbele ya kumubeba mutoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganyike na nguo za mutoto, na zisikung'utwe ndani ya nyumba. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mukavu unarusha vumbi tu.

Kwa mama, ninaomba hivi. Usile udongo wa kichuguu cha hapa, wala wa ukuta, wala wa kando ya njia ya makamiyo. Pemba ya soko nayo hatujui imetoka shimo gani. Hamu ikikukamata, jaribu karanga zilizokaangwa, ao kipande cha muhogo mukavu. Wamama wengine wanasema inasaidia. Kula lengalenga, sombe, maharagi na ndagala. Vidonge vya chuma unavyopewa, uvimeze kila siku, lakini si pamoja na chai, na ukishindwa kuacha pemba, usiile karibu na saa ya vidonge. Dawa ya minyoo tunatoa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, si mbele.

Mabwana, musipige mutu kwa sababu ya pemba, na musiitupe kwa hasira. Atanunua nyingine na kuificha vizuri zaidi. Mulete naye kwa kipimo cha damu. Siku hizi wamama wanapimwa mumoja mumoja, mulango umefungwa, na swali la udongo ninaliuliza katikati ya maswali ya chakula, baada ya bukari na mboga. Kama pemba iko ndani ya mukoba, aje nayo.