Unachora 3D? Weka nakala ya OBJ kabla leseni iishe

Leseni ya bure ya mwanafunzi ina siku yake ya kuisha. Umemaliza chuo, programu uliyozoea kuchorea magari na nyumba za 3D sasa inakudai hela, na faili zako zimelala mle ndani kwa lugha ambayo programu hiyo peke yake ndiyo inayoielewa vizuri. Kazi ya miaka miwili, na huwezi hata kuichungulia. Noma sana.

Kuna aina moja ya faili isiyokufungia nje hivyo. Inaitwa OBJ, na pengine imekuzidi umri. Ilitoka kwa Wavefront Technologies, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1984 kule Santa Barbara, California, ikitumika na programu yao ya Advanced Visualizer. Mwaka wa 1995 Silicon Graphics iliinunua kampuni hiyo na kuiunganisha na Alias. Mwaka wa 2006 Alias nayo ikamezwa na Autodesk. Wavefront ilikwisha kitambo, lakini faili yake bado inafunguka kwa Blender, Maya na karibu kila programu ya 3D utakayoigusa.

Mbona imedumu? Kwa sababu ni maandishi tu. Ifungue kwa Notepad uisome kwa macho yako. Mstari unaoanza na herufi v unataja mahali kona moja ilipo, kwa nambari tatu. Mstari wa f unataja uso mmoja, yaani ni kona zipi zinazoungana, ya kwanza kwenye orodha ikiwa 1, ya pili 2, hivyo hivyo. Huamini? Andika hii:

v 0 0 0
v 2 0 0
v 2 0 2
v 0 0 2
v 1 2 1
f 1 2 3 4
f 1 5 2
f 2 5 3
f 3 5 4
f 4 5 1

Ihifadhi kwa jina piramidi.obj. Notepad itataka kubandika .txt mwishoni, kwa hivyo chagua "All files" kwanza. Kisha ingia Blender, ambayo ni ya bure kabisa: "File", "Import", "Wavefront". Hiyo hapo piramidi, kitako cha pande nne na kuta nne za pembetatu, na hukuchora hata mstari mmoja.

Wewe unayeandika kodi umeshaona kwamba hesabu inaanzia 1, si 0. Mpangilio pia una maana: ukiutazama uso kutoka nje, kona zake zinafuatana kinyume cha mwendo wa saa. Zigeuze, na ukuta wako unaweza kutoweka ukishaupeleka kwenye gemu.

Sasa tuje kwa rangi, maana hapa ndipo watu hulia. OBJ haibebi picha wala maelezo ya rangi. Maelezo hayo hukaa kwenye faili ya pili, yenye .mtl mwishoni, nayo hiyo .mtl hutaja picha zilizo mahali pengine kabisa. Ukimtumia mteja OBJ peke yake kwa WhatsApp, ataona kitu cha kijivu kama saruji na aulize analipia nini. Weka zote kwenye folda moja, uifanye zip, ndipo utume. Halafu fungua .mtl kwa Notepad: ikiwa njia ya picha inaanza na C:, inatafuta picha kwenye mashine yako, si ya mteja. Futa njia yote, ubakishe jina la picha tu.

Vipimo navyo havipo. Ile 2 ya piramidi yako ni 2 tu, si mita wala inchi. Programu nyingi za kuchapisha vitu vya 3D huichukulia kuwa milimita, na utapokea piramidi ndogo kuliko punje ya mahindi.

Kwa hivyo leseni ikibakisha mwezi, anza na modeli zilizokutoa jasho zaidi: "File", "Export", OBJ. Faili ya asili usiitupe, maana OBJ haibebi mwendo. Mhusika uliyemfundisha kutembea atafika akiwa amesimama tu, kama Dedan Kimathi pale katikati ya Nairobi.