Njeo Iliyopita na Hali ya Mazoea katika Kiswahili cha Kasulu na Kibondo

Kiitaliano hutofautisha kwa umbo la kitenzi tendo lililopita na kukamilika na lile linalotazamwa likiendelea au likirudiwa. Umbo lavorava hubeba maana mbili: "alikuwa akifanya kazi" na "alizoea kufanya kazi". Kiswahili Sanifu hakina umbo moja la namna hiyo. Kiambishi -li- huonesha njeo; ikiwa alilima ni ya siku moja au ya kila masika, muktadha ndio unaoamua. Mwendelezo hudai kitenzi ambatani, yaani alikuwa akilima au alikuwa analima. Kiambishi hu- cha mazoea, kwa upande wake, hakibebi njeo yoyote.

Katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara, Kasulu na Kibondo zikiwamo, mazoea huoneshwa kwa -ga: alilimaga, walikujaga. Kwa kuwa anakujaga nayo husemwa, ni dhahiri kwamba -ga ni alama ya hali, si ya njeo. Wala hailingani kikamilifu na umbo la Kiitaliano, kwani tendo moja lililokuwa likiendelea bado husemwa walikuwa wanakuja. Kuihusisha -ga na Kiha moja kwa moja kunahitaji tahadhari: husikika pia Mwanza, Tabora na hata Dar es Salaam. Kinyarwanda, jamaa ya karibu ya Kiha, kina yakoraga, na Meeussen (1967) aliunda upya *-ag- katika Mame-Bantu. Wakongomani nao husema tulikuwaka.

Mwalimu anayesahihisha walikujaga kuwa walikuja huondoa kosa la usanifu pamoja na maana. Usahihisho wa haki ungekuwa walikuwa wakija. Darasani hasara yake ni alama chache tu. Uzito wake ni mwingine katika wilaya zenye kambi za wakimbizi: Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na Nduta, Kibondo, iliyopokea Warundi tangu mwaka 2015. Mhojiwa akisema "askari walikujaga usiku", na mwandishi wa mahojiano akanukuu "askari walikuja usiku", vitisho vya mara kwa mara vimekuwa tukio moja. Tukio moja huulizwa tarehe, na msimulizi asiye na tarehe moja ya kutaja huonekana anajikanganya.