Mwarobaini si wa homa tu

Wiki iliyopita nilipanda SGR hadi Nairobi nikafikia kwa shemeji yangu, mtaa wa Karen. Yeye ni mwalimu wa kemia. Tulipopita karibu na makao ya Akademia ya Sayansi ya Afrika, jumuiya ya wanasayansi iliyoanzishwa mwaka 1985, akanitania: “Shemeji, huko Pwani mwarobaini bado mnauchemsha kwa homa tu?”

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Mwarobaini nimekua nao; nyanya alitunywesha maji yake machungu huku tumekunja uso. Sikujua kwamba mwaka 2004 wanasayansi wa Pune, India, walichapisha utafiti ulioonyesha maji ya majani hayo yakitengeneza chembe ndogo mno za dhahabu na fedha.

Ndogo kiasi gani? Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Chukua kipande cha madini chenye upana wa sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vipande vya nanomita 10, uso unafika mita 600 za mraba. Madini ni yaleyale, ila sasa sehemu ya kufanyia kazi ni kubwa.

Hapo ndipo nishati safi inapoingia. Seli zinazotoa umeme kwa haidrojeni hutumia chembe za platini kuharakisha kazi, na platini ni ghali. Ukiipata kwa chembe ndogo, kidogo kinatosha.

Njia ya kawaida ya kutengeneza chembe hizi hutumia kemikali kali. Njia ya majani ni nyepesi. Unachemsha majani, unachuja, unachanganya na maji yenye chumvi ya fedha. Viungo vya asili vya jani huipa fedha elektroni, ikawa madini kamili, kisha huzivika chembe ili zisigandamane. Maji hubadilika rangi, yakawa ya kahawia.

Lakini tusidanganyane. Majani ya kiangazi si sawa na ya masika, hivyo kupata chembe zinazofanana kila mara ni kazi ngumu. Tena chembe za fedha zikimwagwa baharini hudhuru viumbe. Na mtu asichanganye haya jikoni akanywa: fedha ikijaa mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu, na rangi hiyo haitoki.

Linaloniuma ni hili. Mchanga wa Kwale wenye titani ulipakiwa melini kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitangaza seli ya jua iliyojengwa kwa chembe za nano za oksidi ya titani. Sisi tuliuza mchanga. Thamani iliongezwa kwingine.

Mwarobaini umejaa nyuani mwetu, kutoka Lunga Lunga hadi Lamu. Wapwani wenzangu, tuwaulize viongozi wetu: ziko wapi maabara za kaunti, na ufadhili wa vijana wetu wanaosoma kemia? Tusipouliza leo, kesho jani nalo litapanda meli kama mchanga.