Tovuti Zifaazo Watu wa Visiwani

Mtu akisimama bandarini Malindi, Unguja, wakati boti ya kutoka Dar es Salaam inapofunga kamba, ataona katikati ya magunia ya vitunguu na katoni za sabuni vifurushi vidogo vidogo vilivyozungushiwa selotepu, kila kimoja na jina la mwenyewe na namba yake ya simu. Aghalabu vifurushi hivyo vimenunuliwa na watu ambao hawakumwona muuzaji wala kuishika bidhaa kabla ya kutoa fedha. Vingine huendelea na safari mpaka Mkoani na Wete. Miaka ishirini iliyopita jambo hili lilikuwa la watu wachache wa mjini. Leo hata mkulima wa mwani wa Paje anaweza kuagiza kitambaa akiwa pwani, maji yakiwa yametoka.

Wako wazee wetu wasemao kwamba simu imewaharibu vijana, na kwamba kila kilichomo ndani yake ni upuuzi. Tunawaheshimu wazee, lakini hatukubaliani nao moja kwa moja. Tovuti ni mfano wa baraza. Liko baraza ambalo watu hukaa wakasoma gazeti, wakajadili bei ya karafuu na kusuluhisha waliogombana, na liko jingine ambalo kazi yake ni kusengenya wapita njia. Hakuna sheha aliyewahi kuamuru mabaraza yote ya mtaa yavunjwe kwa sababu ya hilo la pili.

Tunalotaka kulisema ni hili. Mtu wa kisiwani anazihitaji tovuti kuliko mtu wa bara, kwa kuwa bahari imemtenga na duka, na maktaba, na ndugu zake. Lakini pia huumia zaidi akidanganywa, kwa kuwa bahari hiyo hiyo humzuia kumfuata aliyemdanganya. Kwa hiyo hatuna budi kuzijua tovuti moja moja, kwa majina yake na kwa watu walioziasisi, kama tunavyowajua wenye maduka ya Darajani.

Nyingi zilianza kwa mambo ya mzaha. Mwaka 1991 wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa wakitumia birika moja la kahawa, na wale wa vyumba vya mbali walichoka kutembea hadi kwenye birika wakalikuta tupu. Wakalielekezea kamera, ili kila mmoja atazame kwenye kompyuta yake kama kahawa ipo. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa nchi za mbali, ambao wasingeonja hata tone moja, wakawa wanalichungulia birika hilo usiku na mchana. Kamera ilizimwa mwaka 2001, na birika la mwisho likanunuliwa kwa mnada na jarida la Kijerumani la Der Spiegel kwa pauni 3,350. Sisi tulio wanywaji kahawa wa barazani tunaelewa vizuri machungu ya kulikuta birika tupu. Na birika hilo liliuzwa katika tovuti ya eBay, ambayo ndiyo tunayoanzia katika habari za soko.

eBay iliasisiwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kuuzwa humo ni kalamu ya mwanga wa leza iliyovunjika, ambayo ilipata dola 14.83, mnunuzi alipoulizwa kama anajua kuwa ni mbovu, alijibu kwamba yeye hukusanya kalamu za namna hiyo zilizovunjika. Kila kitu kina mwenye kukitaka. Lakini kilichoikuza eBay si mnada, kwani minada ni mambo ya kale. Ilikuzwa na utaratibu wa kila mnunuzi kuandika ushahidi wake juu ya muuzaji, na kila muuzaji juu ya mnunuzi, na ushahidi huo ukabaki hadharani. Sisi tulikuwa nao utaratibu huu bila ya kompyuta: muuza vitambaa aliyepunja pima habari zake zilifika Makunduchi kabla ya jua kuchwa.

China nako, Jack Ma na wenzake walianzisha Alibaba mjini Hangzhou mwaka 1999. Tovuti hiyo ni ya jumla. Muuzaji hutaja idadi ndogo kabisa anayokubali kuuza, na mtu anayetaka taa moja ya jua ataambiwa anunue mia. Hapa ndipo vikundi vya ushirika vingepata faida, maana watu ishirini wa shehia moja wakiungana huweza kufika idadi hiyo. Yafaa pia kujua siri ya Wachina katika biashara hii. Watu wao nao walikuwa hawaaminiani, na dawa yake ikawa mtu wa kati: huduma ya Alipay, iliyoanza mwaka 2004, ilipokea fedha za mnunuzi na kuzishika mpaka mzigo ufike na mnunuzi aseme ameridhika, ndipo muuzaji alipwe.

Linganisheni na mtindo uliozagaa kwetu. Mtu hufungua ukurasa wa Instagram, akabandika picha za viatu alizozichukua kwa mwingine, akataka fedha zote kwa simu kabla ya kutuma mzigo. Hakuna mtu wa kati, hakuna ushahidi ila sifa alizojiandikia mwenyewe, na maneno ya wanaolalamika huyafuta. Tunasema kwa uwazi kwamba ukurasa wa namna hiyo si duka. Mwenye duka la kweli hukubali kulipwa mzigo unapopokelewa, au hutoa risiti na mahali anapopatikana. Hata makampuni makubwa huondoka: Jumia, iliyojulikana katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019.

Kabla ya kuiacha habari ya soko, yuko Mkanada mmoja, Kyle MacDonald, ambaye mwaka 2005 alitangaza katika tovuti yake kwamba anabadilisha kibanio chekundu cha karatasi kwa chochote kilicho bora zaidi. Alipewa kalamu yenye umbo la samaki. Baada ya mabadilishano 14 na muda wa mwaka mmoja hivi, alipata nyumba katika mji mdogo wa Kipling, jimbo la Saskatchewan. Bibi zetu waliobadilisha dagaa kwa muhogo hawakupata nyumba, lakini wangemwelewa.

Sasa tuingie katika jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, nalo ni tovuti za kutafutia wachumba. Match.com ilifunguliwa Marekani mwaka 1995. India nayo ina Shaadi.com, iliyoasisiwa na Anupam Mittal katika miaka ya 1990, ambayo wazazi wenyewe huitumia kuwatafutia watoto wao. Shahzad Younas alianzisha London tovuti ya Waislamu iliyoitwa muzmatch, ambayo tangu mwaka 2022 huitwa Muzz. Hii ina taratibu mbili ambazo sisi tuliosoma chuoni kabla ya skuli tumezitazama kwa makini: msichana anaweza kuificha picha yake mpaka aridhike na anayezungumza naye, na anaweza kuamua kwamba nakala ya mazungumzo ipelekwe kwa walii wake. Hatusemi kwamba hilo latosha. Tunasema tu kwamba aliyeibuni alijua posa ni jambo la nyumba mbili.

Mshenga wetu wa zamani alijua mambo ambayo tovuti haiyajui. Alijua kijana huyu analipaje madeni, mama yake ana ulimi wa namna gani, na kama yuko mke mwingine Tanga. Tovuti hujua kile tu ambacho mtu amekiandika juu ya nafsi yake, na ni nani ajiandikaye kuwa ni mvivu? Tena kuna jambo la fedha ambalo halisemwi sana. Mshenga hupata heshima na kanzu yake ndoa ikifungwa. Tovuti inayotoza ada ya kila mwezi hupoteza wateja wawili siku ya ndoa. Basi mtumiaji asistaajabu akionyeshwa sura mpya kila siku bila ya mwisho.

Na matapeli wamejaa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kwa mwaka 2022 peke yake watu karibu 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa njia ya mapenzi, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Hizo ni hesabu za nchi moja, za waliokubali kusema. Wangapi walinyamaza kwa aibu? Mbinu yenyewe inajulikana: mchumba wa ng'ambo, mhandisi wa meli au mjane tajiri, ametuma zawadi, zawadi imekwama forodhani, anaomba mpenzi wake alipe ushuru ili itoke. Dada zetu na kaka zetu wameuza pete kwa ajili ya mizigo ambayo haikuwapo.

Iko tovuti moja ya manufaa makubwa hapa, nayo ni TinEye ya Kanada, iliyoanza mwaka 2008. Mtu huipa picha, nayo humwonyesha picha hiyo imewahi kutokea wapi kwingine katika mtandao. Mara nyingi huyo mhandisi wa meli hugundulika kuwa ni sura ya mwanamitindo iliyoibwa. Haichukui dakika moja, na haitozi kitu. Tunawaomba walimu wa skuli zetu za sekondari wawafundishe wanafunzi kazi hii kabla ya mambo mengine mengi ya kompyuta. Na asiyefika kubisha hodi asipelekewe hata shilingi, awe na picha nzuri vipi.

Tukija kwenye mapumziko, tunaona hazina ambayo watu wetu hawajaifungua. Radio Garden, iliyotengenezwa Uholanzi na kufunguliwa mwaka 2016, ni picha ya dunia ambayo mtu huizungusha kwa kidole; akisimama juu ya mji, husikia redio ya mji huo papo hapo. Mtu mzima aliyewahi kuhangaika na masafa mafupi usiku wa manane ataifurahia kuliko mjukuu wake. Lichess, ya Mfaransa Thibault Duplessis, ipo tangu mwaka 2010; ni uwanja wa sataranji usio na tangazo hata moja wala ada, unaoendeshwa kwa michango. Internet Archive, iliyoasisiwa na Brewster Kahle mwaka 1996, huhifadhi vitabu vya kale na pia nakala za kurasa za mtandao zilivyokuwa miaka iliyopita. Watumishi wanaopenda kubadilisha tangazo baada ya kulitoa wakumbuke kwamba huenda la mwanzo bado linasomeka humo.

Lakini zilizotuvuta zaidi ni mbili za baharini. Windy, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ivo Lukačovič wa Jamhuri ya Cheki, huuonyesha upepo ukitembea juu ya ramani kama moshi. Mtu hukiona kusi kikipanda kutoka Msumbiji, hukiona kaskazi kikishuka kutoka Uarabuni, yale yale ambayo manahodha waliyasoma kwa ngozi ya uso. Ni burudani kuitazama, na mvuvi wa Nungwi huitumia kwa kazi, ingawa tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndiyo ya kutii.

Ya pili, MarineTraffic, ilianza Ugiriki mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Aegean, chuo ambacho chenyewe kiko visiwani. Huonyesha meli duniani zilipo, kwa kupokea ishara za chombo ambacho meli za abiria na meli kubwa za mizigo za safari za kimataifa hutakiwa kukifunga. Baada ya Spice Islander kuzama Septemba 2011, na Skagit Julai 2012, hatuhitaji kuelezwa maana ya kusimama pwani bila ya habari. Wapo akina mama wa Pemba wanaoifuata boti kwa simu tangu inapong'oa nanga. Ila jahazi na ngalawa hazimo katika ramani ile. Kwa macho ya tovuti, bahari walimo waume zao wavuvi ni tupu.

Hapa tunawageukia wakubwa wa serikali. Mwananchi akishajifunza kuchagua tovuti njema, bado bei aliyoiona kwenye kioo cha simu siyo bei atakayolipa Chake Chake. Kuna nauli ya ng'ambo, kuna ushuru, kuna boti ya kwanza na boti ya pili, na kuna mtu asiyejulikana bandarini asemaye kwamba bado kuna kidogo kimebaki. Huyu wa mwisho hunawiri kwa sababu moja tu: mwenye mzigo hajui ni kiasi gani anachodaiwa kwa haki. Ujinga huo huo ndio unaomlisha tapeli wa zawadi iliyokwama, kwa kuwa mtu asiyejua ushuru halali ataamini ushuru wowote.

Mwaka 2022 nchi nzima iliendeshewa zoezi la anwani za makazi, na nyumba nyingi za mijini na vijijini zikapata namba. Namba hizo zisiwe za kupamba milango. Posta na wasafirishaji wazitumie kufikishia vifurushi. Tovuti za idara zetu ziandikwe kwa Kiswahili, ziwe nyepesi, zifunguke kwa mtandao dhaifu wa Micheweni kama zifungukavyo Mjini. Na katika bandari za Malindi, Mkoani na Wete ubandikwe ukutani ubao wa ushuru wa mizigo midogo, kwa herufi kubwa, pamoja na mfano wa hesabu ya simu moja na mfano wa hesabu ya pea moja ya viatu, na chini yake namba ya simu ya ofisi ya forodha ambayo mtu akiipiga itapokewa.